Gari halitembei, mbona sevisi? Kupangia pesa Mercedes SLK ya zamani

Swali hili hutufikia kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: "Gari yangu hutoka Jumapili peke yake. Mwaka mzima haijafika kilomita 3,000. Kwani lazima nilipie sevisi?" Anayeuliza kwa kawaida ana gari lingine la kazi, na hili la pili ni la raha, lile la kufungua paa, lililonunuliwa wakati pesa ilikuwa nzuri au kurithiwa kutoka kwa mzee. Limefunikwa turubai kwenye maegesho. Linang'aa. Dashibodi inasoma kilomita chache kiasi kwamba majirani hawaamini.

Jibu letu ni ndiyo, lazima. Na gari la aina hii lina ugumu wake kwa upande wa pesa, kwa sababu gharama zake haziji kidogo kidogo kama za gari la kila siku. Hukaa kimya miaka miwili mitatu, kisha matairi, betri na paa vinadai kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo mtu anakopa kwenye simu usiku ili gari litoke garaji kesho yake. Sisi si mafundi, kazi yetu ni pesa zinazopita kwenye simu, lakini mkopo wa haraka kwa ajili ya matairi ambayo ulijua miaka mitano kabla kwamba yatazeeka ni mkopo usiokuwa na sababu.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue gari moja: Mercedes-Benz SLK ya kwanza, ile mafundi wanaiita R170. Ilionyeshwa mwaka 1996, ikafanyiwa marekebisho ya sura mwaka 2000, na ikaisha mwaka 2004 ilipokuja ya pili. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, hata zile za mwisho kabisa zilipaswa kuwa zimeshafika Mombasa kufikia karibu mwaka 2012. Maana yake, SLK ya umbo hilo unayoiona leo Karen au Nyali imeishi hapa zaidi ya miaka kumi, kwa vumbi letu, mvua yetu na matuta yetu. Ukiwa na gari tofauti, BMW Z4 au Audi TT ya paa la kitambaa, mengi ya haya bado yanakuhusu.

Saa inahesabu, hata dashibodi ikinyamaza

Kitabu cha gari huandika sevisi kwa namna mbili: kilomita fulani, au muda fulani, lolote litakalotangulia. Mwenye gari la kazini hufikia kilomita kwanza. Wewe utafikia muda kwanza, kila mara. Kwa hiyo sahau ule mstari wa kilomita na upange kwa kalenda.

Oili ya injini ndiyo rahisi kueleza. Gari likiwashwa asubuhi ya Jumapili, likaenda kanisani au sokoni dakika kumi kisha likazimwa, injini haijapata joto la kutosha kukausha unyevu ulioingia kwenye oili. Petroli kidogo nayo huteremka humo. Safari fupi ishirini za namna hiyo huchafua oili kuliko safari moja ya Nairobi hadi Kisumu. Ndiyo maana oili na filta yake hubadilishwa mara moja kwa mwaka, hata kama umetembea kilomita 1,500. Na ukitoa gari, litoe kweli: nusu saa au zaidi barabarani, injini ishike joto lake lote. Kuliwasha tu kwenye maegesho dakika tano "ili lisilale" ni kuliharibu kwa upole.

Betri nayo ina hesabu yake. Gari la kisasa halilali kabisa. Alamu, saa, kufuli za mbali na kompyuta vinakunywa umeme kidogo kidogo. Tuseme vinakunywa ampea 0.05, kiasi ambacho fundi hatakiona kuwa kibaya. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 1.2, na kwa siku 30 ni 36. Kama betri yako ni ya ampea-saa 70, mwezi mmoja wa kukaa umemaliza nusu yake. Betri ya risasi ikiachwa hivyo chini kwa wiki kadhaa haipendi kurudi. Chaja ndogo ya kutunza betri, ile inayobaki imechomekwa na kujizima yenyewe, hugharimu chini ya betri mpya na itakupa miaka zaidi. Tungeinunua kabla ya kitu kingine chochote.

Petroli: usiache gari miezi sita na petroli ile ile. Inachacha, na harufu yake hubadilika. Weka kiasi utakachotumia, na angalia kibandiko cha ndani ya kifuniko cha tanki kinasema oktani ngapi.

Breki na matairi: hapa hatubembelezi mtu

Oili ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Haijali gari limetembea au limesimama. Ikishanyonya maji, kiwango chake cha kuchemka hushuka. Mjini Nairobi kwenye foleni huwezi kugundua. Utagundua siku umebeba familia kuelekea Naivasha, unateremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu nyuma ya lori, mguu uko kwenye breki dakika nzima, kisha pedali inaanza kuwa laini kama sponji. Maji yaliyo ndani yamegeuka mvuke, na mvuke hausukumi breki. Oili hii hubadilishwa kila miaka 2, na kazi yenyewe haichukui hata nusu siku.

Mwenye gari Mombasa, Kilifi au Malindi ana jambo la ziada: chumvi. Diski za breki za gari lililokaa wiki tatu karibu na bahari hushika kutu, na pini za kalipa hukwama. Mwambie fundi azifungue, azisafishe na kuzipaka grisi yake maalum kila sevisi. Asiangalie tu unene wa pedi akasema ziko sawa. Pedi ziko sawa kwa sababu hujazitumia.

Matairi ndiyo hudanganya zaidi. Meno yote yapo, yanapendeza, na ni ya zamani mno. Tafuta ubavuni neno DOT, na mwishoni mwake tarakimu nne. 1814 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2014. Tairi la miaka mitano sita linahitaji kuangaliwa kila mwaka kama lina nyufa ndogo ubavuni, na likifika miaka kumi litoke, hata kama halijawahi kugusa lami. Unaponunua mapya, soma tarakimu hizo kabla ya kulipa. Kuna matairi "mapya" dukani yaliyokaa rafu miaka minne, na muuzaji hatakwambia usipouliza.

Ya ndani ambayo hayaonekani

SLK nyingi za R170 zenye gia za kujiendesha zina giaboksi ya Mercedes ya gia tano inayojulikana kwa namba 722.6. Ni giaboksi ngumu. Mwanzoni ilisemekana oili yake ni ya maisha ya gari, msemo ambao hatuuamini kwa gari la miaka zaidi ya 20. Ibadilishwe, pamoja na filta, kwa oili ya aina iliyotajwa kitabuni. Wakati huo huo fundi abadilishe plagi ya plastiki ambamo waya huingia kwenye giaboksi. Ina raba ndogo za mviringo ambazo hukauka. Oili hupenya hapo, ikapanda ndani ya waya zenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi, mpaka ikafika kwenye kompyuta ya giaboksi. Plagi hiyo ni pesa kidogo. Kompyuta si pesa kidogo.

Ugonjwa wa namna hiyo hiyo uko mbele ya injini za M111, zilizomo kwenye SLK 200 na 230, kwenye sumaku inayorekebisha kemshafti. Ikivuja, oili husafiri na waya. Fundi achomoe plagi yake kila sevisi na kuiangalia. Ikiwa kavu, vizuri. Ikiwa imelowa, shughulikia mwezi huo, usingoje ujao.

Kulanti ina tarehe pia, na aina yake isichanganywe na nyingine wala kujazwa maji ya bomba. Mipira ya paipu na fanbelti huzeeka kwa miaka. Ikibonyezwa ikawa migumu au ina nyufa, imekwisha, hata kama kilomita ni 40,000.

Na ile rangi laini ya plastiki za ndani inayobanduka, kila R170 inayo. Inaudhi, inaaibisha ukimpa mtu lifti, lakini haimwui mtu. Iweke mwisho wa orodha.

Paa

Watu walinunua gari hili kwa sababu ya paa, na paa ndilo linalowatoa jasho. Paa la SLK ni la chuma. Linajikunja na kuingia kwenye buti kwa sekunde 25, likisukumwa na silinda za haidroliki zinazopata nguvu kutoka pampu ya umeme. Kazi hiyo yote inategemea oili safi, raba zisizokauka, swichi ndogo nyingi zinazoiambia kompyuta kila kipande kiko wapi, na betri yenye nguvu.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi kwamba paa limekataa, angalia mambo mawili. Kwanza, kile kizuizi cha mizigo ndani ya buti kimevutwa na kufungwa mahali pake? Kisipofungwa, gari linaamini kuna begi njiani na halifungui, na liko sahihi. Pili, injini inawaka? Pampu inavuta umeme mwingi, na betri dhaifu inaweza kuachia paa katikati, limesimama wima kama mwavuli, na mawingu ya Aprili yakija.

Likikwama hivyo usilisukume kwa nguvu na usiite vijana watatu wakusaidie kulibana. Kitabu cha gari kina utaratibu wa kulifunga kwa mkono wakati wa dharura. Usome leo, ukiwa umetulia.

Paa likitumika linabaki zima. Raba za ndani ya silinda zisipotembea hukauka, kisha siku ya kwanza unapofungua zinavuja. Fungua na funga mara moja kila mwezi, mahali pasipo na dari fupi. Ukiona unyevu wa mafuta kwenye kitambaa cha ndani, kwenye vioo vya jua au pembeni mwa buti, hiyo ni silinda inaanza. Silinda nyingi zinaweza kutolewa na kuwekewa raba mpya. Si lazima ununue silinda nzima, na fundi anayekimbilia kukuuzia seti nzima kabla ya kujua ipi inavuja, muulize tena.

Raba za mlango na paa, zile zinazozuia maji, zisafishwe kwa maji na sabuni laini, zikauke, kisha zipakwe grisi ya silikoni mara mbili kwa mwaka. Vaselini ya nyumbani hapana. Ina mafuta ya petroli ambayo hulainisha na kuvimbisha raba za aina hii.

Halafu njia za maji. Kila gari la kufungua paa lina mifereji midogo ya kutolea maji ya mvua, na kila mfereji huziba kwa majani, vumbi na maua ya jakaranda. Wenye BMW Z4 ya kwanza, ya 2002 hadi 2008, wanajua uchungu wake: mota ya paa imekaa upande wa nyuma, mahali ambapo maji hujaa mfereji ukiziba. Mota inakufa maji, na kazi ya kuifikia ni kubwa kuliko mota yenyewe. Dakika kumi za kusafisha mifereji kwa waya laini wa plastiki na maji kidogo zingezuia yote. Mwagia maji pole pole upande mmoja, uone yanatokea chini ya gari. Yasipotokea, yako ndani.

Mwezi gani, na pesa ngapi

Kwa hali ya hewa yetu tunapenda sevisi kubwa iwe Februari, kabla ya mvua za masika za Machi hadi Mei. Mifereji na raba zirudiwe Septemba, kabla ya mvua za vuli. Miezi ya kiangazi katikati ndiyo ya kufurahia gari.

Sasa hesabu. Namba zifuatazo ni za mfano wa kupigia hesabu, si bei za soko. Omba makadirio ya garaji yako uziweke mahali pake. Tuseme oili, filta na ukaguzi wa mwaka ni shilingi 20,000. Oili ya breki ni 6,000 kila miaka 2, yaani 3,000 kwa mwaka. Filta ya hewa na ya kabini ni 8,000 kila miaka 2, yaani 4,000. Kulanti 9,000 kila miaka 3, ambayo ni 3,000. Betri ya 24,000 ikiishi miaka 4 ni 6,000. Matairi manne ya 84,000 kwa miaka 7 ni 12,000. Giaboksi 35,000 kila miaka 5 ni 7,000. Plagi za injini, fanbelti na paipu 25,000 kwa miaka 5 ni 5,000. Jumla ni shilingi 60,000 kwa mwaka, au 5,000 kwa mwezi.

Hizo ni za mambo yanayojulikana. Paa tulitengee mfuko wake, tuseme 3,000 kwa mwezi, kwa sababu halitoi notisi. Kwa mwaka ni 36,000, na usipozigusa miaka miwili una 72,000 siku silinda itakapovuja.

Kwa hiyo 8,000 kwa mwezi. Ukitembea kilomita 2,400 kwa mwaka, ile 60,000 peke yake ni shilingi 25 kwa kila kilomita, kabla ya petroli na bima. Kuna watakaosoma namba hiyo na kuamua kuuza gari. Ni uamuzi mzuri tu, na ni afadhali kuufanya likiwa linafungua paa kuliko likiwa limekwama.

Anayebaki nalo, afungue akiba ya pembeni kwenye simu, tofauti na pochi ya matumizi, aipe jina la gari na kuweka malipo ya kujirudia siku moja baada ya mshahara. Tofautisha mifuko miwili: sevisi na paa. Mfuko wa sevisi usifungwe kwa kufuli ya mwaka mzima, kwa sababu Februari utauhitaji. Wa paa unaweza kufungwa miezi mitatu mitatu. Pia inasaidia kutaja akiba hii nyumbani. Pesa isiyojulikana kazi yake huliwa na harusi ya binamu.

Kumlipa fundi na muuza spea

Garaji yoyote inaweza kubadilisha oili, lakini kwa paa na umeme tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta za Mercedes. Atakutoza ada ya uchunguzi. Lipa bila kinyongo, kisha omba kadirio la maandishi linalotenganisha spea na ufundi. Spea za gari hili hazipo nyingi. Utazunguka Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, na mara kwa mara utaambiwa "inatoka Dubai, tuma pesa leo." Mpe muuzaji namba ya chesisi ya gari, si jina la gari tu, kwa sababu spea ya kabla ya marekebisho ya 2000 na ya baada zinaweza kutofautiana. Akikosea na ulimtumia chesisi, kosa ni lake na ujumbe upo.

Lipa kwenye namba ya tili ya biashara, si kwa namba ya simu ya mtu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likitofautiana na la duka, simama. Toa amana kidogo wakati wa kuagiza na umalizie spea ikiwa mkononi. Mtu anayetaka yote mbele kwa sababu "kuna mteja mwingine anaitaka" mwache ampe huyo mteja. Na hakuna garaji, duka wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili kuthibitisha malipo.

Omba risiti ya eTIMS, hasa kwa spea kubwa, maana bila risiti dhamana ya miezi mitatu ni maneno tu. Ujumbe wa malipo uandikie maelezo pale pale: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika. Kwa mfano, "oili ya breki, km 58,210". Kila Februari pakua taarifa ya miamala ya mwaka, weka pamoja na picha za risiti na picha ya dashibodi. Gari la kilomita chache huzua shaka kwa mnunuzi, kwani wengi wamekutana na dashibodi zilizorudishwa nyuma. Mwenye kuonyesha miaka sita ya malipo yenye tarehe na kilomita zinazopanda taratibu ana jibu, na ana cha kusimamia kwenye bei.

Kama pesa ya mwaka huu haitoshi kwa yote, mpangilio wetu ni huu: oili ya breki na matairi kwanza, kisha mifereji ya maji na betri, kisha oili ya injini na ile plagi ya giaboksi. Gari libaki limeegeshwa mpaka mawili ya kwanza yalipwe.